Bingwa Tuliyemng'atia Betri

Juzi stesheni ya Mpanda, abiria wa treni ya Tabora tuliizunguka redio ya jamaa mmoja. Idhaa ya nje ilikuwa ikitangaza fainali ya tenisi. Bingwa, dada aliyejifunza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa kwao, alishapasuliwa goti, akarudi, na siku hiyo alikuwa anacheza mechi ya mwisho kabla ya kustaafu.

"Akipata pointi hii, kombe ni lake!" akasema mtangazaji. Kisha kimya.

"Betri zimekwisha! Zing'ate, baba!" akapiga kelele mama mmoja kutoka Majimoto, aliyekalia gunia lake la mchele.

Jamaa akazichomoa, akazing'ata, akazirudisha.

"...anatoka uwanjani akilia," ikasema redio.

"Kashinda au kashindwa?" nikauliza.

"Apige ukuta miaka yote ile halafu ashindwe?" mama akanifokea, akapiga vigelegele. Stesheni nzima ikashangilia.

Jana mwalimu mmoja kanieleza kwamba kwenye tenisi uwanja mzima, hata mtangazaji, hunyamaza mchezaji anapotaka kupiga. Kumbe betri zilikuwa nzima. Akataka kunipa na matokeo, nikamkatalia. Kwetu pale Mpanda, yule dada alishinda.