Soni ya Mzee Nyangau

Siku hizi mkaza mwana humkumbatia baba mkwe mbele ya kadamnasi na watu wakapiga makofi, lakini mwaka wa 1967, hapa Manga, kilimani kwa Wagusii, mwanamume mzima aliweza kupigwa na mvua ya mawe huku mlango wa mwanawe uko wazi mbele yake, na hakuna mwenye akili aliyemcheka.

Mwanamume huyo alikuwa Nyangau, mkulima wa pareto na ndizi. Hakuwahi kuwa chifu wala mzee wa kanisa. Alijulikana kwa kujenga tu: ukiona nyumba imesimama wima miaka mingi kwenye mteremko ule, ujue Nyangau ndiye aliyeshika kamba. Mungu alimjalia mabinti kadhaa, wote wakaolewa, na mwana mmoja, Andrew, aliyekuwa karani katika ghala la ngano huko Nakuru.

Mwezi wa nane mwaka huo Andrew alifunga ndoa kanisani hukohuko Nakuru. Mkewe aliitwa Esnah. Baba yake alikuwa Mgusii aliyefanya kazi ya reli. Mama yake alifariki binti angali mdogo, akalelewa kwa Kiswahili na majirani wa kila kabila. Kigusii chake kilikuwa cha salamu tu. Nyangau hakulalamika. Alikata miti, akawaita majirani kwa risaga, ile kazi ya pamoja ambayo watu waliijia kwa ujirani na uji wa wimbi, si kama hawa wa leo wanaouliza kwanza watalipwa nini. Wakajenga nyumba ya vyumba viwili, paa la bati, la kwanza upande ule wa kilima. Kuta alizikandika mwenyewe. Alijua kila nguzo ya nyumba ile, na alijua pia kwamba siku Andrew atakapomvusha mke kizingiti chake, yeye hataingia humo tena mpaka afe.

Hiyo ndiyo iliyoitwa ensoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hampi mkono mke wa mwanawe, wala hali naye meza moja. Haikuwa chuki. Ilikuwa kumwambia yule binti: humu ni mwako, kitanda ni chako na moto ni wako, na hakuna mwanamume mwingine atakayetia mguu humu, hata aliyeijenga. Hayo kila msichana alifundishwa na mama yake. Esnah hakuwa na mama wa kumfundisha.

Walifika wakati wa likizo, siku chache kabla ya Krismasi, baridi ya kilimani imewauma mpaka midomo imekauka. Esnah alipomwona mzee uani, uso ulimkunjuka.

"Baba! Hujambo, Baba!"

Aliyeitika ni Bonareri, mke wa Nyangau, kutoka jikoni, maana kwa Kigusii "baba" ni mama, na baba huitwa "tata". Ua mzima ukaangua kicheko.

"Nyangau!" akapaza sauti Ondieki, jirani yake na mtu wa rika lake. "Kumbe ni wewe uliyemnyonyesha Andrew! Na sisi tukadhani una kifua cha kubebea magogo tu."

Hata Esnah alicheka alipoelezwa, akajifunika uso kwa leso. Nyangau alimpenda tangu saa ile. Alisimama mbali naye hatua kadhaa, kama ilivyopasa, akamwitikia huku akitazama chini.

Siku zilizofuata alimwangalia kutoka uani kwake. Esnah alichota maji kisimani kama wenziwe, akateleza, akamwaga, akarudi tena bila kununa. Alipachika matawi ya saiprasi juu ya mlango na kuning'iniza karatasi za rangi. Jioni ya kuamkia sikukuu Bonareri alisema, "Mtoto huyu ana mkono wa kazi. Amenifundisha kukanda chapati, mimi mzee hivi."

Siku ya Krismasi, baada ya kutoka kanisani, Nyangau na Ondieki walikaa kwenye vigoda mbele ya nyumba ya Andrew wakingoja chakula kiletwe nje. Ndipo Andrew akatoka, tai shingoni, akainama sikioni mwa baba yake.

"Tata, Esnah amekuwekea kiti."

"Kiti ninacho."

"Ndani. Mezani. Ametandika kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Anasema ukila mezani kwake leo, atajua naye ana kwao. Kama huli, basi hakubaliwi hapa."

Nyangau alimkazia macho. "Hukumwambia?"

"Nilidhani… Nakuru watu hawayafuati haya mambo."

"Hapa si Nakuru. Nenda ukamwambie sasa hivi, kwa lugha anayoielewa."

Andrew akaingia. Mlango ulikuwa wazi, na Kiswahili cha sokoni Nyangau alikuwa nacho.

"Mzee haingii," Andrew alisema.

"Kwa nini?"

"Ana soni."

"Soni ya nini?"

"Ana soni nawe, basi. Mpelekee chakula nje."

Nyangau akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Soni, ensoni, alidhani neno ni lile lile, kwa kuwa lilisikika lile lile. Hakujua kwamba Kiswahili kimelishika neno hilo upande wa fedheha. Alichosikia Esnah ni kwamba baba mkwe wake anamwonea aibu: aibu ya mtoto wa nyumba za reli, asiye na mama, asiyejua lugha ya kwao. Palikuwa na mtu mmoja tu ua mzima aliyezijua lugha zote mbili na angeweza kuliweka neno lile mahali pake, naye alikuwa amerudi mezani anakunja mikono ya shati. Ndiyo elimu tuliyouzia ng'ombe kuwapa.

Mbingu za Desemba hazina adabu. Wingu lilivuka ukingo wa Manga jeusi tititi, na kabla sahani haijatoka, mawe ya barafu yakaanza kugonga bati. Wanawake na watoto wakakimbilia ndani. Ondieki akakimbilia zizini, kigoda kichwani.

"Nyangau! Njoo huku kwa ng'ombe! Huku hakuna mkaza mwana!"

Nyangau aliinuka, akageukia zizi, kisha akasita. Akiondoka, yule binti angeona kwamba amewapendelea ng'ombe kuliko yeye. Akisogea mbele, angevunja kitu ambacho baba yake na babu yake hawakukivunja. Basi akasimama pale pale mbele ya mlango, karibu naye kadiri mila ilivyomruhusu, ili ajue kwamba hakumwacha. Mawe yakamwangukia mabegani na kichwani. Damu ikamtiririka juu ya jicho.

Esnah akaja mlangoni. "Mzee, ingia! Unaumia! Ingia!"

Nyangau alitikisa kichwa. Alitaka kusema, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuuza ndizi na kuuliza bei ya chumvi, hakikuwa na maneno ya jambo kama lile.

"Bora mawe kuliko meza yangu!" Esnah akalia. "Bora kupasuka kichwa!"

Maneno hayo Nyangau aliyaelewa.

Baadaye, mvua ilipokwisha na maua ya pareto yamelala chini yote, Bonareri alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

"Analia," alisema. "Hajatia chochote kinywani. Nimemshika mikono, nimemwimbia, nimeongea mpaka nimechoka, haelewi neno hata moja. Wanaondoka kesho. Amesema hatakanyaga tena hapa."

"Andrew amweleze."

"Nimemwambia. Anasema yeye ni mtu wa ofisi, atamwambiaje mkewe kwamba babake anaogopa mlango?"

Kilichomuuma Nyangau zaidi ya kichwa ni lile neno: anaogopa.

Aliishi miaka minane baada ya hapo. Wajukuu walizaliwa Nakuru, akawajua kwa majina. Andrew alituma salamu kwa watu waliosafiri, na sukari, na mara moja blanketi. Nyumba ya bati ilibaki imefungwa, na upepo ulipoinua bati moja Nyangau alipanda akaligongomea kwa nje, akashuka bila kuchungulia ndani. Watu wa mambo mapya, waliokwisha kuanza kukaa na wakwe zao kwenye kochi moja, walimwambia aende Nakuru akayamalize. Angelala wapi huko? Chumba cha mwanawe kilikuwa kimoja, na kitanda nyuma ya pazia. Kwa hiyo mara ya mwisho aliyowaona ilikuwa asubuhi ile, siku ya pili ya Krismasi.

Alitangulia barabarani, ukungu ungali umelala juu ya majani. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya maneno, akiyapanga kama mtu anayepanga mawe ya msingi. Walipotokea, Andrew na sanduku, Esnah na kikapu, aliwaachia nafasi ya hatua kadhaa, akavua kofia. Kidonda kilikuwa bado kibichi kwenye paji.

"Mama," alisema. "Mimi si kataa wewe. Mimi heshimu wewe. Sana. Nyumba ile yako. Mimi iko nje kwa sababu ndani yako."

Esnah alisimama. Alimtazama kidonda, kisha macho, ingawa macho ya Nyangau yalikuwa chini. Akaweka kikapu majanini.

"Kama ni kweli, Mzee," alisema polepole, "nipe mkono. Sitaki kingine. Mkono tu, nijue hunionei aibu."

Akaunyoosha wake.

Nyangau alimgeukia mwanawe. Andrew alikuwa anatazama upande basi litakakotoka, kana kwamba anasikiliza injini. Neno moja lake lingetosha. Mkono wa Nyangau uliinuka kutoka ubavuni mpaka usawa wa mshipi, ukaishia pale. Mwanamume aliyekwisha kumpa mkaza mwana mkono hana tena cha kumpa kinachoitwa heshima. Hivyo ndivyo alivyojua, na hakujua vinginevyo. Mkono ukashuka, akauficha nyuma ya mgongo.

"Haya," Esnah alisema. Hakusema kwa hasira. Akainama, akachukua kikapu chake.

Basi lilifika, limejaa watu wa sikukuu wanaoimba. Andrew alipandisha sanduku, akasema, "Baki salama, Tata," bila kugeuka. Nyangau alibaki kando ya barabara, kofia mkononi. Aliona kitambaa chekundu cha Esnah dirishani, na kando yake kichwa cha mwanawe kimeinama, mpaka basi likakata kona ya mteremko, na nyimbo zikasikika kidogo baada ya wao kutoonekana.