Mwanamfalme wa Kukata Utepe

Mwanamfalme Leofric ni binamu wa Mfalme, lakini wa mbali kiasi kwamba ili akalie kiti cha enzi ingebidi kwanza wafe watu wa kujaza kanisa, na wote wana afya njema. Utotoni aliuliza taji lake liko wapi. Mama yake akamweleza ukweli, mtoto akalia, akapewa keki, yakaisha.

Mimi, Glenys Pruett, ninampikia tangu nikiwa msichana, na sitamremba. Shuleni hakuambulia kitu. Jeshini alianguka kutoka juu ya farasi mbele ya wageni wa heshima, na farasi mwenyewe alikuwa amesimama. Basi ukoo ukakaa, ukamtafutia kazi isiyoweza kuharibika mikononi mwake: kukata utepe. Kila kitu kipya wilayani kwetu, hata choo cha umma cha Nether Coombe, kimefunguliwa na yeye. Mkasi hautoki mfukoni mwake, hata msibani.

Na kwetu kilichofunguliwa na mtu wa ukoo wa Mfalme kimefunguliwa. Daraja la mtoni alilifungua kabla halijafika ng'ambo, kwa sababu mafundi walichelewa na yeye hakuchelewa. Hakuna aliyethubutu kusema lifungwe. Mwaka mzima watu walikwenda hadi katikati, wakatazama maji, wakarudi.

Tatizo lake ni kwamba hajui kamwe anafungua nini. Akifika penye utepe anainamisha sikio, mkewe Bi Octavia anamnong'oneza kutoka nyuma, naye anayatangaza kama alivyoyapokea. Siku ya kufungua wodi ya wazazi, Bi Octavia alimnong'oneza kwamba zipu ya suruali iko wazi. Akawatangazia wakunga, kwa sauti nene, kwamba zipu ya suruali iko wazi. Wakunga wakapiga makofi.

Bi Octavia yeye ni mtu wa mbwa. Binti zao wawili walilelewa katikati ya mbwa hao, na mpaka leo, wakiwa wake za watu, ukipiga mluzi wanageuka.

Sasa nije kwenye langu. Mama yake Leofric, alipokuwa anakata roho, alinishika mkono mbele ya mwanawe, akasema nyumba ndogo ya langoni nipewe mimi, nikae humo mpaka kufa kwangu. Leofric akaitikia huku machozi yakimtoka. Mazishi yalipokwisha, nyumba akapewa Askofu.

Askofu ni farasi. Amezeeka, magoti yanamuuma, na Bi Octavia alisema zizi lina upepo. Mimi nikabaki kwenye chumba kilicho juu ya mahali pa kufulia nguo, ambako upepo unaingia bila kubisha hodi. Na mimi nina magoti.

Nilipomkumbusha Leofric, alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Bi Glenys, Askofu ameshazoea. Kumhamisha mzee si vizuri."

"Na mimi je, Mtukufu?"

"Wewe una ngazi nzuri," akasema.

Miaka ikapita hivyo. Kila asubuhi nikipita langoni namwona mnyama yule amechungulia dirishani, katikati ya mapazia niliyoyashona mwenyewe nikingoja kuhamia, na moja lipo mdomoni.

Kisha ikaja sikukuu ya kijiji, ambayo hufanyika bustanini kwetu, na safari hii Bi Octavia alikuwa amepeleka mbwa kwenye mashindano. Nikamtoa Askofu kwa karoti, nikamwacha malishoni. Nikafagia. Nikafunga utepe mwekundu mlangoni.

Sikuita mtu. Watu wa kwetu wakiona utepe wanapanga foleni wenyewe. Mchungaji wa kanisa alivua kofia, wapiga tarumbeta wakajipanga, kina mama wakaweka chini sahani zao za keki. Leofric akatokea kwenye njia ya bustani, akauona utepe, mkono ukaingia mfukoni kabla hajamsalimu yeyote. Akainamisha sikio.

Nyuma yake nilikuwa mimi.

"Nina furaha kubwa," akanguruma, "kuifungua nyumba hii, makao ya Bi Glenys Pruett mpaka mwisho wa uhai wake, kama alivyoagiza marehemu mama yangu."

Akakata. Makofi, tarumbeta, mchungaji akanipa mkono wa hongera. Ndipo Leofric akageuka polepole.

"Bi Glenys, hii si ya Askofu?"

"Ilikuwa, Mtukufu."

"Octavia ataniua."

"Basi ifunge."

Akautazama mkasi, akaugeuza upande wa pili, akautazama tena.

"Kufunga sijawahi kufundishwa," akasema.

Bi Octavia alirudi jioni, akafoka mpaka mbwa wakajificha. Leofric, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, hakusogea. Alimwambia ameshatamka mbele ya mchungaji. Zizi likazibwa matundu, jambo ambalo lingeweza kufanyika tangu mwanzo, Askofu akahamia huko.

Simshukuru. Nilipewa na marehemu, si na yeye. Nyumba bado inanuka farasi, na Askofu huja kila siku kuingiza kichwa dirishani na kutafuna pazia. Jumapili Leofric naye huja, anawakimbia mbwa, anataka keki kama ile ya utotoni. Anabisha hodi kwa adabu.

Huwa namwacha asimame nje kidogo, pamoja na farasi.