Nani Atakuanzia?

Mwalimu wa sayansi wa darasa la saba alikuwa na darasa lenye kelele kuliko yote shuleni, na kelele hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake.

"Mmea hutengeneza chakula kwa mwanga wa ju..."

"Juaaa!" darasa zima likaitikia.

"Mizizi hufyonza ma..."

"Majiii!"

Mwalimu mkuu akipita dirishani alitabasamu. Sauti iliyozishinda zote ilikuwa ya binti wa fundi cherehani, ambaye wenzake walimwita Kipaza.

Majuma machache kabla ya mtihani wa mwisho, mwalimu alimwita Kipaza ubaoni.

"Nguo mbichi ikianikwa hukauka. Maji yameenda wapi? Tueleze."

Kipaza akashika chaki, akamtazama mwalimu, akangoja.

"Mwalimu, anza basi."

"Nianze nini?"

"Anza neno, mimi nitamalizia."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliwaita wengine, mmoja baada ya mwingine, nao wakasimama vivyo hivyo, midomo wazi kama makinda yanayongoja kulishwa. Mwaka mzima alikuwa amewagawia mikia ya maneno. Vichwa alibaki navyo mwenyewe.

Jioni alimsimulia mumewe, fundi wa kuziba pancha.

"Mama watoto, umewatafunia mpaka wamesahau kuwa wana meno," mume akasema, akisugua grisi mikononi. "Sasa utafanyaje?"

"Sasa watatafuna."

Asubuhi alitangaza: "Kuanzia leo simwanzii mtu neno. Nitakayemwinua ataeleza mwenyewe mpaka mwisho, nasi tutamngoja."

Darasa likapoa. Mwalimu mkuu akaja mbio.

"Vipi, mwalimu, darasa lako limefiwa?"

"Hapana, mkuu. Linafikiri."

"Mtihani unabisha hodi, nawe unawanyamazisha watoto!"

"Ndiyo maana, mkuu. Chumba cha mtihani hakina kiitikio."

Kisha akaja mama yake Kipaza, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Mwalimu, nilikupa kasuku, umenirudishia bubu. Hata chakula anakichokoachokoa tu. Si umsaidie kidogo, silabi moja?"

"Mama, ukimfundisha kushona, unamshikia sindano mpaka lini?"

"Mpaka aache kujichoma."

"Mimi nilimshikia mpaka akasahau kuwa ana mikono. Mwache ajichome."

Mama akaivuta tepu shingoni, akaizungusha kidoleni. "Haya. Lakini akifeli, nakuja kwako wewe."

"Njoo. Utanikuta."

Wapo watakaouita huu ukatili. Mimi nasema ukatili ni kumfichia mtoto asichokijua, hasa tunapomfichia ili sisi tusifiwe. Mtoto huyo atakuja kukigundua peke yake, siku ambayo hakuna wa kumshika mkono.

Kipindi cha mwisho kabla ya mtihani, mwalimu alimwinua tena Kipaza kwa swali lile lile la nguo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wa mwalimu, linamwasha kama pilipili. Akakaza midomo, akakifinya kipande cha chaki kiganjani hadi kikavunjika.

"Maji yame... yameingia ndani ya nguo," Kipaza akasema.

Nyuma mtu akacheka chinichini. Mwalimu hakugeuka.

"Hapana," Kipaza akajisahihisha. "Yangeingia ndani, nguo ingebaki mbichi." Akatazama dirishani. "Jua linayapasha moto. Yanageuka mvuke, yanaingia hewani. Hatuyaoni, lakini hayajapotea."

Aliyecheka akaacha kucheka.

"Vema," mwalimu akasema. "Na siku ya mawingu, jua halipo. Mbona nguo hukauka vilevile, japo polepole?"

Kipaza akageuka tena dirishani. Mwalimu akasogea hatua moja, na labda midomo yake ilianza kucheza, maana mtoto aliinua mkono upesi kumzuia.

"Ngoja kwanza, mwalimu. Usinianzie."

Mwalimu akavuta kiti, akaketi, akangoja.