Nilivyomtoa mama wa Burat mezani nikidhani ni roboti

Salaam aleikum wakuu, na wale wa habari zenu, habari zenu pia. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Isiolo, na sijaficha pale nilipoonekana mjinga.

Mimi nauza dawa za mifugo mtaa wa Wabera. Mchana jua likichoma wateja hupungua, basi mimi hucheza bridge online kwa simu.

Kwa wasioijua: ni karata za watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na partner wako anakaa mbele yako. Kabla ya kucheza mnatangaza mtashinda mizunguko mingapi, na huwezi kumwambia partner wako una karata gani. Utamu uko hapo. Ugomvi pia uko hapo.

Mtu wa kucheza naye hapa mjini sikuwa naye, kwa hivyo partner wangu alikuwa roboti wa hiyo site. Na roboti ni partner mzuri, jamani. Hanuni. Umharibie mchezo wote, yeye anaendelea tu. Nilimzoea mpaka nikaacha kusema asante. Ningemwambia nani?

Baadaye klabu yetu ndogo ya Jumamosi ikanifanya director. Wengi wetu hatujawahi kuonana. Kazi yangu ni kufungua meza na kuamua malalamiko; mahali mtu amekosekana, site yenyewe inajaza roboti. Mtu akichelewa, namtoa roboti mmoja ndio apate kiti.

Sasa, roboti wa hiyo site huitwa kwa herufi na namba. RB1, RB4, hivyo. Na kulikuwa na mchezaji mmoja anaitwa ME1.

ME1 alikuwa anaingia kila Jumamosi. Ukimsalimia hajibu. Anacheza haraka, hakosei ovyo, mchezo ukiisha anatoka. Wakuu, wewe ungefikiria nini?

Jumamosi moja jamaa wa Nanyuki akachelewa, akaomba nafasi. Tumebakisha michezo mitatu. Nikaangalia meza ya pili, nikaona ME1, nikabonyeza: toa. Jamaa akakaa. Nikarudi kumhudumia mteja wa dawa ya kupe.

Dakika chache baadaye nikapata ujumbe:

"Director, mimi ni Mama Ekiru, niko Burat. Nimekosea wapi?"

Nilikaa chini kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe. Kuangalia matokeo, alikuwa anaongoza. Huyo mama, na roboti kama partner, alikuwa anatushinda sote. Jamaa wa Nanyuki kwa michezo mitatu alimshusha mpaka nafasi ya nne.

Ningeweza kusema ni network. Hapa Isiolo hakuna mtu angebisha, na nilishaanza kuandika hivyo.

Lakini lile swali lake lilinikaa kifuani. Mtu ametolewa, na cha kwanza anatafuta kosa lake.

Nikafuta. Nikaandikia klabu yote kwamba nimemtoa mchezaji nikidhani ni roboti, kwamba hiyo michezo mitatu ya meza ya pili haihesabiwi, na kwamba Mama Ekiru ndiye wa kwanza. Aliyekuwa ameshinda, mzee mmoja wa Meru, alikasirika sana. Alisema director asiyejua mtu na mashine aachie wengine kazi. Na hakuwa amesema uongo.

Jumapili nikachukua boda mpaka Burat, nje kidogo ya mji. Mama alikuwa amenielekeza nyumba yake, nikamkuta shambani akipalilia vitunguu. Ni mama wa Kiturkana, mtu mzima, mrefu, miwani yake imefungwa uzi.

Nikamwomba msamaha. Akanisikiza mpaka mwisho bila kuacha jembe.

Kumbe miaka mingi alikuwa mpishi wa maofisa kwenye kambi ya jeshi. Maofisa wakicheza bridge, yeye alisimama hapo na birika ya chai akiangalia. Siku moja wakakosa mtu wa nne wakamwambia akae, ashike karata tu. Akawashinda. Tangu hiyo siku alikuwa na kiti chake.

Nikamuuliza mbona hajibu salamu kwa chat.

"Pale kambini mezani hatukuwa tunaongea," akasema. "Nilidhani nyinyi mna adabu mbaya."

Nilicheka, yeye hakucheka. Halafu nikamwambia ukweli, kwamba mzee wa Meru anataka niache u-director, na labda ana haki.

Akaegemea jembe, akaniangalia.

"Hiyo mashine ilinikalia mbele mwaka mzima," akasema. "Siku nimetolewa iliendelea kucheza. Wewe umekuja mpaka hapa. Jumamosi ukae mbele yangu."

Basi sasa ndiye partner wangu. Wakuu, ni mkali. Juzi nilitangaza vibaya, akaniandikia neno moja tu: "Fikiria." Nilitamani roboti. Lakini tukishinda nasema asante, na kuna mtu wa kuipokea.

Mzee wa Meru bado hajanipenda, ila anacheza. U-director wameniachia.

Nilichojifunza ni kidogo: mtu akinyamaza, muulize kabla ya kumwondoa. Kubonyeza ni rahisi sana.

Na nyinyi, mshawahi kumchukulia mtu kama hayupo, kazini au hata nyumbani? Andikeni hapa chini. Hata wale huwa mnasoma tu na kupita kimya, leo nawasalimia nyinyi kwanza.