Mama Kiti na Dakika Zake Mbili

Leo yule jamaa wa kuniita Mama Kiti ameniomba kiti. 😂

Ngojeni niwaambie.

Mnajua gym yetu hapa Langas, ile ya kunyanyua vyuma vya kumwagiwa simiti kwenye mikebe. Mimi nina presha, na daktari aliniambia nikinyanyua nipumzike dakika mbili, moyo utulie, ndio nirudie. Kwa hivyo kila siku nabeba kiti changu cha plastiki kutoka nyumbani.

Sasa huyu jamaa ni mkimbiaji. Kwake kukaa ni uvivu.

"Mama Kiti, hii ni gym ama ni chama cha akina mama?"

Watu wanacheka. Mimi nakaa.

Leo amenyanyua mfululizo kama mtu anafukuzwa. Raundi ya nne, akaachia chuma chini puu! Akanigeukia, jasho tupu.

"Mama, naomba nikae kidogo."

Nikampisha. Nikaweka dakika mbili kwa simu, halafu nikamaliza raundi yangu ya tano hapo mbele yake, pole pole.

Simu ikalia.

"Haya, inuka. Ni zamu yangu kupumzika."

Akainuka haraka, akanipangusia kiti!

Wale wengine mlicheka, kesho leteni viti vyenu. 💪🏾