Chaja ya Pini Ndogo

Nilikata waya wa chaja ya mama. Spika yangu ilihitaji waya wa kuiunganisha na betri kuukuu ya pikipiki, na ule wa mama ndio uliokuwa karibu. Spika iliimba vizuri. Mbwa wa jirani ni shahidi.

Jumamosi hiyo asubuhi vijana walikuwa wameshachuma miraa yetu na kuifunga kwa majani ya mgomba. Kwetu Laare mwanamke hapandi juu ya mti wa miraa, kwa hivyo kazi ya mama ni simu. Mnunuzi akikaribia na pikapu anapiga, mama anaita boda, mzigo unapelekwa barabarani. Asipopatikana, pikapu inabeba ya mwingine. Na miraa ya leo, kesho imenyauka, ni ya mbuzi.

"Simu imebaki na kamstari kamoja," mama akasema. "Chaja iko wapi?"

"Imeungua. Nipe simu nikatafute nyingine sokoni. Lazima nijaribu kama inaingia."

Akanipa simu. "Mnunuzi akipiga, shika. Mwambie tuko tayari."

Nikakimbia. Duka la kwanza, chaja zote zilikuwa na mdomo mpana. Mwenye duka akaigeuza simu huku na huku. "Pini ya hii ilizikwa zamani, pole kwa familia." La pili, pini iliingia lakini ililegea; ukiiachilia tu, inakata. Kamstari nako kalikuwa kanapepesa.

La tatu lilikuwa la fundi wa simu. Akanipa desktop, ile chaja inayobana betri yenyewe nje ya simu. Nikatoa betri, nikaibana, taa nyekundu ikawaka. Nikajiona injinia. Nikaegemea kaunta nikaanza kumtania fundi juu ya kofia yake, kwamba ni kama sufuria ya kanisa.

"Na wewe unangoja nini hapa?" akaniuliza.

"Simu ya mnunuzi wa miraa."

"Atakupigia kwenye nini? Kwenye kofia yangu?"

Nikaangalia kitu nilichoshika. Bila betri, kilikuwa kipande cha sabuni.

Nikarudisha betri mbio mbio. Simu ikawaka polepole kama mzee anayeamka, kisha ikaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikabonyeza chochote. Ujumbe ukaingia: mnunuzi alikuwa ametutafuta mara tatu. Nikampigia.

"Nimejaza kwa jirani yenu," akasema. "Saa hii nakaribia mji wa Maua."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu anayepelekwa kwa naibu wa mwalimu mkuu. Mama alikuwa ameketi kando ya mzigo, ameufunika kwa gunia bichi. Mapajani alikuwa na spika yangu, waya wa chaja yake ukining'inia nyuma kama mkia. Nikasimama mbali, mahali ambapo ndara haiwezi kufika.

Hakuinuka. Akasema, "Si hii ndiyo inasikikanga mpaka barabarani? Haya, iambie iite pikapu irudi."