Breki ya Mama

Leo mama kanifinya mbavu hadi nikasimamisha pikipiki katikati ya mteremko wa Makere. Someni mpaka mwisho, mniambie mngemjibu nini.

Pikipiki ni ya marehemu baba. Alipewa miaka ya sabini, alipokuwa bwana shamba hapa Kasulu. Asubuhi nimebadilisha raba zote za breki ya mbele, nikamwomba mama aminye mkono wa breki huku mimi natoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki kule chini.

"Minya, mama. Usiachie!"

Yakatoka mapovu, mapovu, halafu mafuta matupu. Mkono ukawa mgumu. (Jamani, raha yake!)

Mama akacheka.

"Hii haikuwahi kushika hata siku moja. Baba yako akinibeba, tukifika mteremkoni namfinya mbavu, anapunguza mwendo. Breki nilikuwa mimi."

Nikamwambia basi sasa apumzike, breki ipo.

Tukaondoka kwenda kufagia kaburi la baba. Ndiyo hapo mteremkoni akanifinya. Nikabana breki, tukasimama palepale. Barabarani hakuna hata mbuzi.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa naijaribu ile ya zamani."